Bunduki ya Risasi Moja: Faida Yake, Gharama Yake na Hatari Yake

Ninyi wakulima wa vijiji vilivyo karibu na migodi, toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, mnaijua taabu hii. Mtu amelima tangu mvua ya kwanza. Amepalilia vizuri, na mahindi yake yameanza kukomaa. Anahesabu magunia atakayouza kwa watu wa mgodi. Usiku mmoja nguruwe wa pori wanaingia shambani. Asubuhi anakuta mabua yamelala chini, na nusu ya shamba imekwisha. Ndipo anasema moyoni: «Kama ningekuwa na bunduki!» Na mara nyingi hakosekani mtu mwenye bunduki ya kuuza kwa bei ndogo.

Kabla hujatoa feza yako, soma somo hili mpaka mwisho. Hatukukatazi kununua, wala hatukusukumi ununue. Twataka ujue bunduki hii ni kitu gani, inafaa kwa kazi gani, na kwa sababu gani imewaua wengi waliokuwa nayo, au watoto wao. Bunduki ya bei ndogo ni rahisi siku ya kuinunua tu. Siku zote zinazofuata itakudai uangalifu, na deni hilo halina msamaha.

1. Bunduki za zamani

Wazee wa Katanga walijua bunduki tangu zamani. Katika karne ya 19 Msiri, mfalme wa Bayeke pale Bunkeya, alitoa pembe za tembo na shaba, akapata bunduki na baruti toka pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka mmoja mbele ya kufa kwake, yaani 1890, mataifa yalikutana Bruxelles, yakakataza bunduki za namna mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa njia.

Kwa hiyo watu wa vijiji walizoea kwa miaka mingi bunduki ya kujazwa mdomoni. Mwenyewe alipima baruti kwa mkono, akashindilia, akatia vipande vya chuma. Desturi hizo hazifai kabisa kwa bunduki tunayoisema hapa. Usitie kitu cho chote mdomoni mwake. Usiongeze baruti. Usifungue risasi ya kiwanda ili kubadili vilivyomo ndani.

2. Viungo vyake

Bunduki ya risasi moja ina kasiba moja, yaani bomba refu la chuma. Nyuma yake kuna kitako cha mti, kinachowekwa begani. Katikati kuna bawaba. Ukisukuma kitasa chake, bunduki inakunjika katikati kama mlango unaofunguka, na nyuma ya kasiba inaonekana. Hapo ndipo risasi inapoingia. Juu kuna nyundo, ambayo unaivuta nyuma kwa kidole gumba. Chini kuna kifyatulio, kinachovutwa kwa kidole cha shahada.

Risasi yenyewe ni ganda lenye vitu vitatu: fataki nyuma, baruti katikati, na marisau mbele, yaani vipunje vidogo vya risasi. Risasi ya kuwindia ndege yaweza kuwa na vipunje zaidi ya 200. Risasi ya mnyama mkubwa ina vipunje vinene vichache, mara nyingi 9 tu.

Sasa fahamu namba. Bunduki nyingi ni za kalibri 12. Maana yake ni hii: ukichukua ratili moja ya risasi, ndiyo gramu 453, ukaifanya mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja utaenea sawasawa ndani ya kasiba hiyo. Kwa kalibri 20 ratili ile ile inagawanywa mipira 20. Basi namba ikizidi, kasiba inakuwa nyembamba. Ya 12 ina upana wa milimetre 18 na nusu. Ya 20 inakaribia milimetre 16.

Jambo hili limekwisha kukata mikono ya watu. Risasi ya kalibri 20 ikitiwa katika bunduki ya kalibri 12, inateleza ndani, inakwama mbele, haionekani tena. Mwenyewe anadhani hakutia kitu. Anatia risasi ya 12 nyuma yake, anapiga, na kasiba inapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Kwa hiyo usichanganye risasi za namba mbili katika mfuko mmoja hata siku moja.

Angalia pia urefu. Bunduki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa risasi ya milimetre 65. Nyingi za sasa ni za milimetre 70, na nyingine za 76. Risasi ndefu yaweza kuingia katika bunduki ya risasi fupi bila kuzuiwa, lakini ikipigwa ganda lake halina nafasi ya kufunguka, na nguvu inazidi kuliko chuma kinavyoweza kushika.

3. Kazi inayoifaa

Bunduki hii ni ya karibu. Marisau yakitoka yanatawanyika. Kwa metre 30, kama hatua 40 za mtu mzima, yanampiga kanga vizuri. Kwa metre 50 yametawanyika mno: mnyama anajeruhiwa, anakimbia, anakufa mbali, na fisi anapata faida ya feza yako.

Lakini usidhani kwamba marisau yanakufa pale yasipoweza kuua mnyama. Vipunje vidogo vya ndege vyafika zaidi ya metre 200. Vile vinene vyafika zaidi ya metre 500. Jicho la mtoto halihitaji nguvu nyingi ili lipofuke. Basi mbele ya kupiga, tazama mnyama, kisha tazama kilicho nyuma yake.

Kwa ndege na kwa ndezi, yule panya mkubwa wa majani anayekula miwa na mahindi, tumia vipunje vidogo. Kwa nguruwe wa pori usitumie hivyo hata kidogo. Utamwumiza bila kumwua, na nguruwe mwenye kidonda humgeukia mtu. Tumia vipunje vinene, naye awe karibu, metre 25 au chini yake, akuonyeshe ubavu. Kama hayuko hivyo, ngoja. Una risasi moja tu. Bunduki hii ni ya mtu mwenye subira.

Tena, katika nchi ya migodi pori halina usiku wa wanyama peke yao. Wachimbaji wanapita kwenda na kurudi saa zote. Wanawake wanakwenda kuteka maji mbele ya jua. Walinzi wa mashamba wanatembea mipakani. Majani yakitikisika gizani, hujui ni nani. Kivuli si nguruwe mpaka umemwona nguruwe mwenyewe, kichwa na mwili. Usipige sauti, usipige mtikisiko, usipige macho yanayong'aa. Shamba likiliwa, utalima tena mwaka ujao. Mtu aliyeuawa hapandwi tena.

4. Namna ya kuichagua

Usinunue bunduki iliyofanywa na mhunzi kwa bomba la maji au kwa bomba lililotolewa katika gari la zamani. Mhunzi aweza kuwa fundi hodari wa majembe na mashoka, lakini bomba lile halikufanywa kwa kazi hii. Hewa iliyo ndani ya mpira wa gari dogo inasukuma kwa nguvu ya kilo 2 au 3 juu ya kila sentimetre ya mraba. Baruti ya risasi ya kalibri 12 yaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 700. Bomba laweza kuvumilia mara kumi, na mara ya kumi na moja likapasuka mbele ya uso wako. Mtu anayekuambia «imepigwa mara nyingi, haina neno» anakuambia tu kwamba chuma kimekwisha kuchoka.

Kama ni bunduki ya kiwanda iliyokwisha kutumiwa, ifanyie majaribu haya:

Kwanza, ifungue, uone kwamba haina kitu ndani. Fanya hivyo hata kama mwenyewe ameapa.

Pili, tazama mbinguni kupitia ndani ya kasiba. Iwe laini na yenye kung'aa. Ukiona mashimo ya kutu, au duara la kivuli, ambalo ni alama ya kuvimba, iache.

Tatu, ifunge, shika kasiba kwa mkono mmoja na kitako kwa mkono mwingine, uitikise. Ikicheza kwenye bawaba, iache.

Nne, ikiwa bado haina risasi, vuta nyundo mpaka isimame, kisha isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, bunduki hiyo yaweza kujipiga yenyewe njiani. Iache.

Tano, tazama alama chini ya kasiba. Bunduki nyingi zilizokuja nchi hii zilitoka Liège, Ubelgiji, mji wenye nyumba ya kujaribia bunduki tangu 1672. Bunduki iliyoshinda jaribu la pale ina herufi ELG ndani ya mviringo. Ile iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi ina pia picha ya simba na herufi PV. Ukiona kasiba ya zamani yenye michoro ya mawimbi katika chuma chake, ujue ilifanywa kwa vipande vilivyosokotwa pamoja, kwa baruti ya zamani. Risasi za sasa zaweza kuivunja.

5. Amri saba za mwenye bunduki

1. Hesabu kila bunduki kuwa ina risasi, hata uliyoifungua sasa hivi.

2. Usielekeze mdomo wake kwa mtu, wala kwa mchezo, wala kwa kumwogopesha mwizi wa mahindi.

3. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua kupiga.

4. Ukitembea na wenzako, ibebe ikiwa imefunguliwa, imekunjika katikati. Hivyo kila mtu anaona kwa macho yake kwamba haiwezi kupiga. Hii ndiyo faida kubwa ya bunduki ya namna hii: usalama wake unaonekana toka mbali.

5. Toa risasi kabla ya kuvuka mto, kuingia mtumbwini, kupanda mti au kibanda, kupanda kinga, na kuingia kijijini. Usiivute kwa kushika mdomo wake.

6. Ikianguka au ikigusa udongo, ifungue, toa risasi, tazama ndani ya kasiba. Tope kidogo au majani mdomoni yatosha kuipasua.

7. Pombe na bunduki havikai pamoja. Mtu aliyekunywa lutuku asiiguse mpaka kesho.

Tena kumbuka hili. Ukivuta kifyatulio na risasi isilie, usifungue mara moja. Elekeza mdomo mahali pasipo mtu, hesabu polepole mpaka 60, ndipo ufungue. Na kama risasi imelia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, usitie nyingine mpaka umetazama ndani ya kasiba: kipande chaweza kuwa kimebaki.

6. Kuitunza nyumbani

Ukitoka pori, hata kama hukupiga, pangusa kasiba ndani kwa kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye fimbo, kisha kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Wakati wa mvua fanya hivyo kila juma. Usitumie mafuta ya kupikia yenye chumvi, maana chumvi inaita kutu.

Bunduki ifungwe kwa kufuli mahali pake, bila risasi. Risasi zifungwe mahali pengine, pakavu, mbali na moto, na ufunguo ukae kwako. Usiiegemeze ukutani nyuma ya mlango. Usiitundike juu ya kitanda ukidhani mtoto hafiki. Mtoto hupanda, na kitu alichomwona baba yake akikishika ndicho anachokitamani.

Ukipata nyama, kata sehemu iliyo karibu na kidonda, uitupe mbali, usimpe hata mbwa. Risasi ni sumu. Vipande vyake vingine ni vidogo kuliko chembe ya chumvi, havionekani. Sumu hiyo huharibu akili ya mtoto, na mtoto aliye tumboni pia hupata madhara. Basi nyama ya mama mwenye mimba na ya watoto itazamwe kwa bidii.

7. Cheti

Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa. Sheria ya silaha katika nchi yetu ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985, na sheria ya kuwinda ni ya tarehe 28 Mei 1982. Ni mambo mawili mbalimbali: cheti cha bunduki hakikupi ruhusa ya kuwinda. Kabla ya kununua, nenda katika ofisi ya teritwari, uulize vyeti vinavyotakiwa, bei yake, miezi iliyofungwa na wanyama waliokatazwa. Dai stakabadhi ya kila feza unayolipa, uitunze.

Cheti ni cha mtu mmoja. Shemeji akija kukuomba bunduki kwa siku moja, mjibu kwa heshima: «Shemeji, nikikupa bunduki nakupa na kesi yangu. Njoo tulinde shamba lako pamoja.»

Usiingie na bunduki katika mbuga zilizolindwa. Mbuga ya Upemba ililindwa tangu 1939, na ya Kundelungu tangu 1970. Uliza mipaka yake kwa walinzi, usiikisie.

8. Fanya hesabu

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari, andika kila risasi uliyonunua na kila kitu ilicholeta.

Tuseme umenunua risasi 10. Tatu umekosa. Mbili umepiga kwale, na kwale mmoja hafiki nusu kilo ya nyama. Mbili umepiga kanga, kila mmoja kama kilo moja na robo. Moja umempiga ndezi wa kilo nne. Mbili umepiga juu ili kufukuza nyani, nao wamerudi kesho yake. Jumla yake haifiki kilo nane za nyama. Sasa linganisha na bei ya risasi 10, mafuta ya kupangusia na cheti. Pengine kwa feza hiyo ungeweza kununua kuku watano wa kutaga. Hatusemi usinunue bunduki. Twasema usinunue bila kuhesabu.

Tena usijifanye mwuzaji wa nyama ya pori kwa watu wa mgodi. Mgodi hauna mwisho wa kula, lakini pori lina mwisho. Ukipiga majike wenye mimba na watoto wao, baada ya miaka michache utabaki na bunduki na daftari tupu.

9. Vitu vinavyotangulia bunduki

Kabla ya bunduki, fanya haya. Wewe na majirani unganisheni mashamba yenu mahali pamoja, maana shamba lililo peke yake porini ni meza ya nguruwe. Fyekeni mpaka wenye upana wa metre 10 kuzunguka mashamba, ili mnyama asifike bila kuonekana. Jengeni kibanda cha mlinzi, mpeane zamu tangu mahindi yanapotoa ndevu mpaka yanapovunwa. Wekeni mbwa wawili wakali na debe la kupigwa. Nyani huzoea sauti moja, basi badilisheni sauti na mahali.

Pale ambapo haya yote yamefanywa, bunduki moja katika mkono wa mtu mtaratibu inasaidia kweli. Pale ambapo hayajafanywa, bunduki kumi hazitaokoa mahindi.

Maulizo

1. Kwa sababu gani risasi ya kalibri 20 ni hatari katika bunduki ya kalibri 12?

2. Marisau madogo yanampiga kanga vizuri kwa metre ngapi? Nayo yafika metre ngapi?

3. Taja majaribu matano ya kufanya mbele ya kununua.

4. Risasi isipolia, utafanya nini?

5. Bunduki itakaa wapi nyumbani kwako? Risasi zitakaa wapi? Ufunguo utakuwa kwa nani?

6. Usiku unasikia majani yakitikisika mpakani mwa shamba. Utafanya nini?

Mtu akishindwa kujibu ulizo la sita, asinunue bunduki mwaka huu. Kwanza asaidie kufyeka mpaka pamoja na wenzake, na mwaka ujao alisome somo hili tena.